Usilifungie Bomba Chini ya Banda la Gari

Ukitaka kujua bomba la maji la nyumba ya Dodoma limepita wapi, tazama kwanza gari la mwenye nyumba linalala wapi. Mara nyingi ni palepale. Bomba kuu linafuata barabara. Mita ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, inakaa karibu na ukuta wa mbele ili msomaji aifikie bila kusumbuana na mbwa. Kutoka kwenye mita, bomba dogo linakata ua kuelekea jikoni au kwenye simtanki. Geti nalo liko mbele, na hakuna dereva anayependa kuzunguka nyumba nzima kutafuta pa kuegesha. Ongeza karo la majitaka, ambalo mafundi wetu hupenda kulichimba upande huohuo ili gari la kunyonya lilifikie kwa mpira wake, na utaona kwamba ukanda mmoja mwembamba kati ya geti na baraza umebeba karibu kila kinachoingia na kutoka nyumbani. Hapo ndipo mwenye nyumba anapotaka kusimamisha nguzo na kumwaga zege.

Simlaumu. Uwanda huu wa kati uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mawingu ni machache, na jua la Oktoba linakausha mpira wa madirisha na kupasua dashibodi kabla gari halijamaliza mkopo wake. Mtu wa Dodoma anahitaji kivuli cha gari. Ila hahitaji chumba cha gari chenye kuta nne na sakafu ya zege, kile kinachojengwa kwenye nchi za baridi kali na theluji. Hoja yangu yote iko hapo: kivuli kinaweza kusimama juu ya mabomba kwa miaka thelathini bila kugombana nayo, ilimradi siku yoyote bomba likidai kufukuliwa, lifukuliwe bila kuvunja kitu. Chumba hakiwezi kutoa ahadi hiyo.

Mji wenyewe haukupangwa kwa ajili ya magari mengi kiasi hiki. Chama tawala cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na mamlaka ya ustawishaji makao makuu, CDA, ikaundwa kusimamia kazi, mpango mkuu wa mwaka 1976 ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliwapa kipaumbele waenda kwa miguu na mabasi kuliko gari binafsi. Ulikuwa mpango wa nchi ya ujamaa. Viwanja vya maeneo ya zamani vinaonyesha fikra hiyo: nafasi ya bustani ipo, nafasi ya gari moja ni ya kubahatisha, na ya gari la pili haipo kabisa. Kisha serikali ikahamia kweli kuanzia mwaka 2016, CDA ikavunjwa Mei 2017, na Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Watumishi walikuja na magari yao, na mabanda ya bati yakafuata.

Anza na udongo, maana Dodoma ina aina mbili za udongo zisizopatana. Kwenye miinuko karibu na vilima vya mawe kama Mlimwa na Imagi, unachimba kichanga chekundu, kisha changarawe, kisha mwamba wa graniti uliooza, na mara nyingine mwamba mzima kabla hujafika hata mita moja. Huko mafundi huchoka mapema, na bomba huishia kulazwa juujuu. Kwenye mabonde ni udongo mweusi wa mbuga. Huu hunywa maji na kuvimba kuanzia mvua za Desemba, halafu hukauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ifikapo Septemba. Maeneo ya chini kama Nkuhungu, yanayojulikana kwa kutuama maji, yanaujua vizuri mchezo huo. Nguzo fupi iliyochimbiwa kwenye mbuga hupanda na kushuka kila mwaka. Bomba nalo hupanda na kushuka, lakini si kwa kiasi kilekile, na bomba likikamatwa na zege la nguzo upande mmoja huku upande wa pili likisukumwa na udongo, kiungio ndicho kinacholipa. Bomba jeusi la plastiki lenye mstari wa buluu huvumilia kupindishwa. Bomba la PVC lililounganishwa kwa gundi halivumilii. La chuma la zamani ni bahati nasibu, hasa kwa maji ya visima vyetu, ambayo kila birika la Dodoma linaonyesha yamebeba chumvi na chokaa kiasi gani.

Uzito wa gari unaogopwa kuliko unavyostahili. Gari dogo la kilo 1,600 linaweka kama kilo 400 kwenye kila gurudumu, juu ya eneo la takriban sentimita 20 kwa 20. Mzigo huo ukishuka ardhini hutawanyika. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, bomba lililo sentimita 30 chini linapata takriban sehemu moja ya sita ya mgandamizo wa juu; sentimita 60 chini, moja ya kumi na sita; sentimita 90, moja ya thelathini. Kwa hiyo bomba lililofukiwa vizuri kwa kina cha mita moja halijui hata kama juu yake kuna gari. Linalojua ni lile la sentimita 30, na mabomba huwa hayazaliwi hapo. Hufika hapo taratibu: mwenye nyumba anachonga ardhi ya mbele ili gari lisikwaruze tumbo kwenye geti, mvua inachukua kifusi kidogo kila mwaka, anachonga tena anapotaka kuweka pevingi. Bomba halijasogea. Ardhi ndiyo imelifuata.

Halafu kuna siku ya ujenzi yenyewe. Tipa la mchanga, lori la kokoto, boza la maji la lita 10,000 ambalo maji peke yake ni tani kumi: hayo yanapita juu ya bomba ambalo lingebeba gari lako dogo miaka yote. Mabomba mengi ninayoyaona yamepasuka chini ya mabanda yalivunjwa na gari lililoleta vifaa vya kujengea banda. Mwageni mchanga nje ya geti, muubebe kwa toroli. Kibarua ataguna, na atalipwa.

Sasa, kulijua bomba lilipo. Kwa majitaka kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu chemba zimewekwa kila penye kona. Kati ya chemba mbili bomba linatakiwa kuwa mstari ulionyooka. Fungua mifuniko yote miwili (kaa pembeni dakika kadhaa, hewa ya ndani si ya kuvuta), mimina ndoo ya maji ya rangi kwenye choo na uone yanatokea wapi, teremsha tepu hadi chini ya mfereji kwenye kila chemba na uandike vina. Kama ardhi ya juu ni tambarare, vina viwili hivyo vinakupa mteremko na kina cha bomba mahali popote katikati. Bomba la inchi nne linataka kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukikuta chemba ya mbele iko juu kuliko ya nyuma wakati maji yanatakiwa kwenda mbele, una tatizo kubwa kuliko banda la gari.

Bomba la maji ni jingine. Halina chemba, na fundi aliyelilaza hakuwa na sababu ya kulinyoosha: bomba la robo tatu la plastiki hujikunja kama nyoka kukwepa jiwe au mzizi. Kifaa cha kutafuta chuma hakilioni. Wapo mafundi wanaotembea na vijiti viwili vya waya wakisubiri vipishane. Nimewaona wakipatia na nimewaona wakikosa, kwa uwiano ambao shilingi ya kurusha ingeutoa bure. Njia ya uhakika ni mashimo ya majaribio, yaliyochimbwa kwa koleo na si kwa sururu, pale nguzo zitakaposimama na pale mstari wa mita hadi simtanki unapopita. Shimo la namna hiyo lina lugha yake. Juu unakuta kichanga kilichoshindiliwa na matairi, kigumu, cha rangi moja. Ukifika kwenye mtaro wa zamani, udongo unabadilika ghafla: unalegea, unachanganyika, unatoa kipande cha tofali, mfuko wa saruji, kisoda. Fundi mzoefu akiona kisoda anaweka koleo chini na kuendelea kwa mkono. Mara nyingi bomba liko nusu futi tu kutoka hapo.

Mazungumzo ya siku ya kuchimba nguzo huwa ni yaleyale nyumba hadi nyumba. "Bosi, bomba hapa lipo chini sana, halina shida." "Una uhakika, fundi?" "Mimi nimejenga mtaa huu wote." Bila shimo la majaribio, sentensi hiyo ya mwisho haina thamani yoyote ya kihandisi.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio la bure. Jaza simtanki hadi boya lifunge, funga koki zote, kisha tazama kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, bomba linavuja tayari, na hutaki kulifunika. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye mgandamizo wa mita 30 za maji hutoa karibu lita 370 kwa saa. Maji yakiwepo mchana na usiku, hizo ni karibu lita 9,000, yaani karibu boza zima, kila siku. Kwenye kichanga maji hayo hayaonekani juu. Yanabeba chembe za mchanga polepole na kuacha pango chini ya zege lako. Siku sakafu inapozama, watu husema saruji ilikuwa mbaya.

Nguzo ndiyo sehemu inayohitaji akili zaidi. Kanuni yenyewe ni fupi: chora mstari wa nyuzi 45 kutoka ukingo wa chini wa msingi wa nguzo kwenda chini, upande wa bomba. Bomba na mtaro wake vibaki juu ya mstari huo, yaani nje ya eneo linalobeba mzigo. Msingi ukiwa na kina cha sentimita 50 na bomba la majitaka likiwa mita 1.5 chini, nguzo inatakiwa kukaa walau mita moja kutoka ukingo wa mtaro. Sababu haiishii kwenye kulibana bomba. Siku wachimbaji watakapolifukua, nguzo iliyo ndani ya nyuzi hizo itabaki imesimama kwenye udongo usio na pa kuegemea.

Watu hufikiri msingi wa banda upo kwa ajili ya kubeba paa. Paa la bati ni jepesi. Adui ni upepo, na Dodoma upepo haukosi. Chukua banda la mita 3 kwa 6, mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 90 kwa saa ukiingia chini ya bati unaweza kulinyanyua kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600. Gawa kwa nguzo nne, kila moja inahitaji uzito wa kama kilo 170 wa kuishikilia. Tofali la zege la sentimita 45 kila upande lina kilo 220 hivi. Maana yake ni kwamba karibu na bomba si lazima uchimbe kwenda chini; waweza kupata uzito uleule kwa msingi mpana na wa kina kifupi, ukalipita bomba kwa juu bila kuligusa. Kwenye kichanga cha miinuko hiyo ni suluhisho safi. Kwenye mbuga sivyo, kwa sababu msingi wa juujuu utacheza na udongo. Huko ni afadhali kuondoa nguzo upande wa bomba kabisa: weka nguzo upande mmoja tu, nene zaidi na zenye misingi mizito zaidi, paa lining'inie kuelekea upande wa pili. Chuma kitaongezeka, na mchomeleaji atakudai zaidi. Hii ni kazi ya kuchorewa na mhandisi, si ya kukadiria kwa macho, maana paa la kuning'inia likikosewa huanguka juu ya gari lilelile lililojengewa.

Wengine hupendekeza kuhamisha bomba badala ya kuhamisha nguzo. Kwa bomba la maji la nyumbani, ambalo liko upande wako wa mita, huo ni ushauri mzuri, na mara nyingi ndio wa bei nafuu kuliko yote ukifanywa kabla ya kujenga. Lakini tazama fundi anavyolihamisha. Mtaro wa majitaka uko wazi tayari, basi analaza bomba la maji humohumo: mtaro mmoja, gharama moja. Hili ndilo kosa linalonitisha kuliko mengine yote. Maji yetu huja kwa mgao. Mgandamizo ukikatika, bomba lenye tundu halitoi tena, linavuta, na litavuta kilichopo karibu. Nchi iliyopitia mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 na kuenea karibu mikoa yote ya Bara haihitaji kuelezwa zaidi. Kanuni inayofuatwa sana Marekani ni mita 3 kati ya bomba la maji na la majitaka kwa upande, na yanapolazimika kupishana, la maji lipite juu kwa walau sentimita 45. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, mita 3 zinapatikana ukizitafuta kabla nyumba nzima haijakaa.

Sakafu sasa. Usimwage zege juu ya mstari wa bomba. Pevingi juu ya mchanga hufunguliwa na watu wawili asubuhi na kurudishwa jioni, na hakuna atakayejua. Kama moyo unataka zege, basi limwage kwa vipande vyenye nafasi kati yake, na ukanda wa juu ya bomba, upana wa kama mita moja, uachwe wa pevingi. Mfuniko wa chemba usifunikwe kamwe. Upandishwe hadi usawa wa sakafu mpya na uwekewe mfuniko unaobeba gurudumu. Na maji ya paa yashughulikiwe. Paa la mita za mraba 18, kwa mvua ya Dodoma ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, linamwaga karibu lita 10,000. Zikidondokea kwenye mtaro wa zamani, ambao ni mlaini kuliko udongo wa pembeni, zitazama humo. Weka gata, elekeza kwenye simtanki, na usiziunganishe na chemba: mtandao wa majitaka haukutengenezwa kubeba mvua, na chemba ya jirani wa bondeni ndiyo itakayofoka.

Karo ni habari nyingine, na kwa kuwa mtandao wa majitaka umefika sehemu ndogo tu ya jiji, ndiyo habari ya wengi. Kaa mbali nalo. Mfuniko wa karo la nyumbani humwagwa kwa kubeba watu na kuku, si gari. Ubaya wake zaidi ni kwamba unaoza kutoka chini. Hewa ya ndani ina hidrojeni salfaidi, bakteria wa kwenye unyevu wa mfuniko wanaigeuza kuwa asidi, na asidi inakula saruji hadi ifike kwenye nondo. Juu unaona zege safi lililopigwa deki kila Jumamosi, kumbe chini nondo zimebaki nyuzi. Karo la miaka kumi na tano ambalo mfuniko wake haujawahi kuinuliwa usilipitishie gurudumu hata mara moja, na usilijengee paa linalozuia gari la kunyonya au linaloziba bomba lake la hewa.

Kuhusu vibali nitasema kifupi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya mipango kabla ya kuendeleza kiwanja, na banda lenye nguzo za zege ni uendelezaji, hata kama jirani alijenga la kwake wikiendi. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inalinda mabomba ya mamlaka. Nenda Halmashauri ya Jiji na mchoro, nenda DUWASA na mchoro uleule, uliza kama kuna bomba kuu ndani au pembeni ya kiwanja chako. Swali hilo lina uzito maeneo yaliyopimwa zamani, ambako bomba la majitaka huweza kupita nyuma ya viwanja likihudumia nyumba nyingi. Uingereza walijifunza hili kwa gharama: tangu Oktoba 2011 mabomba mengi ya majitaka yaliyokuwa ya watu binafsi yalihamishiwa kampuni za maji, na anayejenga ndani ya mita 3 kutoka bomba la namna hiyo anatakiwa kupata ridhaa ya kampuni kwanza. Kujenga juu ya bomba lako ni ujinga wako mwenyewe. Kujenga juu ya bomba la mtaa ni kuwafungia watu choo.

Na aliyekwisha kujenga? Asivunje kwa hofu. Ajaribu mita kama nilivyoeleza, afungue chemba aone kama maji yanapita bila kusimama. Yote yakiwa sawa, aliache bomba la zamani lilivyo, na alaze sasa hivi bomba jipya la maji kuzunguka banda, lipite ndani ya bomba kubwa la inchi tatu au nne pale lisipoweza kukwepa sakafu. Likiharibika, unalivuta kutoka upande mmoja na kuingiza jingine, zege likiwa limelala.

Anayejenga leo pembezoni mwa jiji, Nzuguni, Ihumwa au Mtumba, ana nafasi ambayo wa mtaa wa zamani wa Area C hakuwa nayo. Mtandao wa majitaka utakapomfikia, utataka njia ya kutoka kwenye karo lake hadi mtaani, kwa kufuata mteremko. Basi atafute kona ya chini kabisa ya kiwanja wakati bado ni vichaka, aache ukanda wa mita moja na nusu kutoka nyuma ya nyumba hadi kona hiyo, asichimbie nguzo humo. Ukanda wenyewe unaweza kuwekwa pevingi, maua au kamba za kuanikia nguo. Mwarobaini aupande kwingine, maana mizizi yake ikigundua kiungio cha bomba la majitaka wakati wa kiangazi, haitoki.